Gharama za kuendesha magereza Mtwara na Lindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanamlenga anayeguswa na jambo lenyewe: mzabuni wa Masasi anayetaka kuuza nafaka gerezani, ndugu wa mahabusu, diwani, mwanachuo anayeandika utafiti. Bei zilizotumika kwenye hesabu ni za mfano. Zitoe, weka za soko lako la wiki hii, na hesabu itakwenda vilevile.

Gharama zinapanda kwa nini? Si kwa sababu vyakula vimepanda tu?

Vyakula vimo, lakini si peke yake. Anayepanga matumizi ya gereza hahesabu vichwa, anahesabu siku. Mtu mmoja akilala gerezani usiku mmoja, hiyo ni siku-mtu moja: amekula, ametumia maji, amelindwa, ameandikwa kwenye daftari. Gereza lenye watu 300 linabeba siku-mtu 109,500 kwa mwaka.

Bei ikipanda, kila siku-mtu inakuwa ghali zaidi. Kesi zikichelewa, siku-mtu zinaongezeka hata kama hakuna mhalifu mpya aliyekamatwa. Watu wanazungumza sana bei ya unga kwa sababu wanaiona dukani. Siku zinazoongezeka kimyakimya hakuna anayeziona, na kwa maoni yetu ndizo zinazoumiza zaidi.

Chakula cha mtu mmoja kwa siku kinafika shilingi ngapi?

Chukua mgao wa mfano: unga gramu 600, maharage gramu 150, mafuta ya kula mililita 20, pamoja na chumvi, mboga na kuni.

Unga wa Sh 1,400 kwa kilo unatoa Sh 840. Maharage ya Sh 3,000 kwa kilo yanatoa Sh 450. Mafuta ya Sh 5,500 kwa lita ni Sh 110. Chumvi, mboga na kuni tuseme Sh 300. Jumla Sh 1,700 kwa mtu kwa siku. Kwa watu 300 ni Sh 510,000 kila siku iendayo kwa Mungu, na kwa mwaka Sh 186,150,000. Hapo mshahara wa askari, dizeli, dawa, sare na ukarabati havijaguswa.

Uzito wa unga kwenye hesabu hiyo ndio wa kuangalia. Watu 300 wanakula kilo 180 kwa siku, tani 65.7 kwa mwaka. Unga ukipanda Sh 100 tu kwa kilo, bajeti ya gereza hilo imetobolewa Sh 6,570,000. Bajeti yenyewe inakuwa imeshapitishwa, kwani mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, wakati bei ya mahindi kusini mara nyingi hupaa baadaye, kuanzia Desemba hadi Machi, ghala za watu zikiwa zimekauka.

Kwa nini Mtwara na Lindi chakula kiwe ghali kuliko mikoa mingine?

Mikoa hii inajulikana kwa korosho, ufuta na mbaazi. Mahindi na maharage mengi yanayoliwa kwenye taasisi huletwa kutoka nje. Mahindi ya Songea yanapita Tunduru na Masasi, safari ya zaidi ya kilomita 600 mpaka Mtwara mjini. Maharage yanatoka Mbinga, Mbeya au Sumbawanga. Bidhaa za kiwandani zinashuka kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya Kibiti na Lindi.

Barabara hiyo ya pwani ina udhaifu wake. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, mafuriko yaliikata wilayani Kilwa, na mizigo ya Lindi na Mtwara ikakwama. Gereza halina uwezo wa kusema leo hatupiki. Linanunua kwa aliye karibu, kwa bei anayoitaka.

Dizeli nayo inasogeza kila kitu. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei za mafuta yanayopokelewa bandari ya Mtwara hutajwa kivyake. Mzabuni anayejaza zabuni ya miezi kumi na miwili bila kuacha nafasi ya kupanda kwa mafuta ataanza kuleta mzigo pungufu kufikia mwezi wa tano. Hilo hutokea mara nyingi, na si kwa sababu mzabuni ni tapeli.

Si wafungwa walime wenyewe? Nguvu kazi ipo, ardhi ipo.

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote. Julai 2018 Rais John Magufuli alilisema hadharani, akataka wafungwa wazalishe chakula chao, na tangu hapo imekuwa kama jambo lililo wazi. Kusini mashamba ya magereza yapo, Namajani wilayani Masasi na Kingurungundwa mkoani Lindi ni mifano. Kilimo kinasaidia. Ila kina mipaka yake, nayo inahesabika.

Kwanza, mahabusu hawalazimishwi kufanya kazi za uzalishaji. Sheria inawahesabu kuwa hawajatiwa hatiani. Gereza la watu 300 lenye mahabusu 150 limebaki na wafungwa 150. Toa wagonjwa na wazee, toa wapishi, wachota maji na wafagiaji, toa wale ambao usalama haukubali watoke nje ya ukuta. Ukibaki na watu 60 wa kwenda shamba una bahati.

Pili, askari. Kundi la shambani linahitaji wasindikizaji, na kila askari aliyeko shambani ametolewa kwenye lindo au kwenye safari ya mahakamani.

Tatu, ekari. Ili kupata tani 65.7 za unga unahitaji mahindi karibu tani 68 ukisaga dona. Kwa mavuno ya gunia 6 za kilo 100 kwa ekari, ambayo ndiyo hali halisi ya mashamba mengi ya kusini yasiyo na mbolea ya kutosha, hizo ni ekari 113. Ekari moja ya mahindi kwa jembe la mkono, kuanzia kulima mpaka kuvuna, inakula siku-kazi 40 hadi 50. Zidisha kwa wastani wa 45: zaidi ya siku-kazi 5,000. Watu 60 kwa siku 90 wanatoa 5,400. Kwenye karatasi inatosha. Shambani haitoshi, kwa sababu palizi haisubiri zamu. Ekari zote 113 zinataka jembe ndani ya wiki zilezile mbili tatu.

Nne, mvua. Kusini kuna msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba mpaka Aprili, na mara nyingi jua hukatiza mwishoni mwa Januari au Februari. Mahindi yakikutwa na ukame huo yanapotoa mbelewele, punje hazijai. Atakayepanda baada ya Krismasi kwa sababu trekta lilichelewa ajue anacheza bahati nasibu.

Basi lipi bora kulima badala ya mahindi?

Muhogo, kwa sehemu ya mgao. Ekari moja ikitoa tani 4 za muhogo mbichi, unapata unga mkavu kama tani 1.2, mara mbili ya mahindi ya gunia 6, na ukame wa Februari hauuui. Ugali wa muhogo si kitu kigeni kwa watu wa huku. Kasoro zake ni mbili. Protini yake ni ndogo sana, kwa hiyo ukiongeza muhogo ongeza na kunde. Na aina chungu zina sumu: zimenywe, zilowekwe siku tatu mpaka zilainike, zianikwe zikauke kabisa. Jikoni ambako wapishi hubadilika kila mara, ni salama zaidi kupanda aina tamu tu na kuiacha hiyo nyingine.

Kwa mboga ya protini, mbaazi ndiyo inayosahaulika. Inalimwa hapahapa, Masasi, Newala, Nachingwea. Mwaka 2017 India ilipozuia uagizaji, bei ilianguka vibaya na wakulima wakabaki na magunia ndani, huku taasisi za palepale zikiendelea kuagiza maharage ya Mbeya. Mpango mzuri ni kununua mbaazi wakati wa mavuno, Agosti na Septemba, na kuzihifadhi. Ziloweke usiku kucha kabla ya kupika, la sivyo unachookoa kwenye bei unakirudisha kwenye kuni.

Na korosho? Gereza likilima korosho si litajitosheleza?

Korosho ni fedha, si chakula, na fedha yake ina njia ndefu. Nafasi ya mita 12 kwa 12 inaingiza mikorosho kama 28 kwa ekari. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, ukiachwa unakausha maua yote, hivyo mti mkubwa unapuliziwa salfa ya unga gramu 250 kwa raundi, raundi tano, kuanzia maua yanapochomoza. Hiyo ni kilo 35 kwa ekari. Shamba la ekari 50 linahitaji kilo 1,750, mifuko 70 ya kilo 25. Mifuko ikichelewa wiki tatu, raundi mbili za mwanzo zimepotea, na hizo ndizo zenye maana.

Mazao yanauzwa kwenye mnada wa stakabadhi ghalani, kuanzia Oktoba. Malipo yakiingia yanafuata taratibu za fedha za umma. Mkuu wa gereza hawezi kuchukua hela ya korosho Jumatatu akanunua unga Jumanne, na si vizuri aweze. Wanaosema korosho italisha gereza huruka hatua hii. Upande wa biashara, magereza yana shirika lao la uzalishaji tangu miaka ya 1970, na huko Lindi lina mradi wa chumvi, shughuli inayoendana na jua la pwani kuliko mahindi.

Mahindi ya gerezani yanaharibikia wapi?

Ghalani. Pwani kuna unyevu, na mahindi yaliyoingizwa yakiwa na unyevu zaidi ya asilimia 13 huota ukungu, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Kama huna kipimo, tumia chumvi: jaza theluthi ya chupa kavu kwa punje, tia vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa juani, funga, tikisa dakika mbili, acha itulie dakika kumi. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, yarudishe juani.

Adui wa pili ni dumuzi, yule ambaye wengi wanamwita skania. Akiingia mwezi wa Julai, kufikia Desemba gunia la kilo 100 limegeuka vumbi kwa sehemu kubwa. Dawa ya unga huchanganywa na punje, si na magunzi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Kwa Actellic Super ni gramu 100 kwa gunia la kilo 90. Mifuko isiyopitisha hewa inafanya kazi bila dawa, mradi isitobolewe. Inatobolewa kwa kuburuzwa sakafuni. Panga magunia juu ya vichanja, nusu mita kutoka ukutani.

Kusaga nako kuna hesabu. Sembe inatoa kilo 75 hivi kwa kilo 100 za mahindi. Dona inatoa karibu zote. Kwa tani 65.7 za unga, tofauti ni kama tani 20 za mahindi kwa mwaka. Gereza linalonunua sembe linanunua weupe.

Kuni au gesi?

Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu wengi ziachane na kuni na mkaa kuanzia 2024, na Septemba mwaka huohuo Wakala wa Nishati Vijijini na Jeshi la Magereza walitia saini makubaliano ya kufikisha nishati safi ya kupikia magerezani. Kwa hiyo swali la kama kuni ziachwe limeshajibiwa. Limebaki la ziachwe namna gani.

Jiko la mafiga lililo wazi linaweza kula kilo 0.8 za kuni kwa mtu kwa siku. Watu 300 ni kilo 240 kwa siku, karibu tani 88 kwa mwaka, safari kumi na mbili au kumi na tatu za lori la tani saba. Jiko banifu lililojengewa lenye dohani hupunguza hadi nusu, likitunzwa. Halitunzwi: ufa kwenye udongo hauzibwi, wavu wa chini unaungua, mpishi anasukumiza gogo zima kwa sababu hakuna shoka, na baada ya mwaka jiko banifu linakula kama mafiga.

Gesi ya mitungi kwa mapishi hayohayo huwa kati ya kilo 15 na 20 kwa siku, yaani mtungi wa kilo 38 kila baada ya siku mbili hivi. Ubaya wake ni kwamba kuni zilikatwa na wafungwa wenyewe bila kuingia kwenye daftari la fedha, na gesi inalipiwa taslimu. Gharama iliyokuwa imejificha msituni inatokea kwenye bajeti, na mkaguzi anauliza kwa nini matumizi yamepanda. Mjini Mtwara kuna njia ya tatu, gesi asilia ya bomba, kwani gesi ya Mnazi Bay ipo jirani. Gereza lililo mbali na bomba, kama Newala au Liwale, lisipangiwe kwa ndoto hiyo.

Kesi kuchelewa kunaongezaje gharama?

Turudi kwenye siku-mtu. Mtuhumiwa wa mauaji hana dhamana. Kesi yake si ya mahakama ya wilaya. Inasikilizwa na Mahakama Kuu, au na hakimu mkazi aliyepewa mamlaka ya nyongeza, baada ya upelelezi na maandalizi kukamilika. Akikaa miaka mitatu, hizo ni siku-mtu 1,095. Kwa Sh 1,700 ya mfano wetu ni Sh 1,861,500 za chakula pekee. Watu kumi wa namna hiyo wanakula Sh 18,615,000, zaidi ya mavuno ya ekari nyingi ulizotoka jasho kuzilima.

Halafu kuna safari. Mahabusu anayeshikiliwa Masasi akiitwa Mahakama Kuu Mtwara ni kilomita 200 hivi kwenda, 400 kwenda na kurudi. Karandinga linalotumia lita moja kwa kilomita 3.5 linakunywa lita 114, na askari wanalipwa posho. Kisha shahidi hajafika, au daktari aliyefanya uchunguzi amehamishwa, kesi inapangiwa tarehe nyingine. Lita 114 zimetumika kusikia neno ahirisho.

Mahakama kwa njia ya video, iliyoanza kutumika kwa kasi mwaka 2020, inaondoa safari za kutajwa tu kwa kesi. Inakwama kwa vitu vidogo: umeme kukatika, chumba kukosa faragha ya mtuhumiwa kuongea na wakili, bando kuisha katikati ya shauri.

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yalikataza kufikisha mtu mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa. Na makosa makubwa ndiyo yanayojaza siku.

Ndugu yangu ana dhamana lakini bado yuko ndani. Inawezekanaje?

Inawezekana sana, na ni siku-mtu za bure kabisa. Dhamana ikiwa wazi, mahakama kwa kawaida inataka wadhamini wawili. Kila mmoja awe na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa inayotaja jina kama lilivyo kwenye kitambulisho cha Taifa, nakala ya kitambulisho, na anuani inayoeleweka. Yanayokwamisha ni haya: jina kwenye barua ni la mtaani, kwenye kitambulisho ni la ubatizo au la babu, barua haina mhuri, mdhamini ametoka Tandahimba amefika mahakamani saa nane hakimu ameshaondoka.

Fikeni saa mbili asubuhi, wadhamini wote wawili, mkiwa na nakala za ziada. Kama hamna wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri itawaelekeza walipo. Kudhaminiwa hakuna ada. Anayedai hela ya kufungua mlango anataka rushwa, mripoti TAKUKURU.

Kuna adhabu gani ya bei nafuu kuliko kufunga?

Huduma kwa jamii, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2002. Inahusu kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka mitatu, au mahakama imeona adhabu inayostahili haizidi hiyo. Mtu analala kwake, anakula kwake, anafanya kazi bila malipo shuleni, kwenye zahanati au ofisi ya kata. Kabla hakimu hajaamua, afisa wa huduma za uangalizi anachunguza: anaishi wapi, anafahamika na nani, jamii inasemaje.

Hapo ndipo mlolongo unapokatika. Afisa mmoja anabeba wilaya nzima na hana pikipiki. Ripoti inachelewa, hakimu hana namna, anafunga miezi sita. Miezi sita kamili, bila kupunguziwa, ni siku-mtu 180, zaidi ya Sh 300,000 kwa chakula, wakati lita chache za petroli zingetosha kuandika ripoti. Kama kuna shilingi moja ya kuongeza kwenye mfumo mzima wa haki jinai mikoa hii, sisi tungeiweka hapo kabla ya trekta.

Parole na msamaha vinapunguza kiasi gani?

Mfungwa mwenye kifungo kinachozidi mwezi mmoja, akiwa na mwenendo mzuri, hupunguziwa theluthi moja. Wa miaka mitatu anatoka baada ya miwili: siku-mtu 365, unga kilo 219. Akipoteza siku kwa utovu wa nidhamu, gereza nalo limepoteza.

Parole, yaani kuachiwa mapema kwa masharti, ni kwa aliyefungwa miaka minne au zaidi na ametumikia theluthi moja. Yapo makosa yaliyotengwa, kama unyang'anyi wa kutumia silaha, dawa za kulevya na makosa ya kujamiiana kwa nguvu. Jina linapita bodi ya mkoa, bodi ya Taifa, kisha Waziri. Linachelewa kijijini: taarifa ya kama jamii na aliyekosewa wako tayari kumpokea hairudi. Ndugu, kama mnataka arudi, mfuateni mtendaji wa kijiji, msisubiri barua.

Msamaha wa Rais, chini ya Ibara ya 45 ya Katiba, ndio wenye kelele. Desemba 9, 2019 walisamehewa wafungwa 5,533 nchi nzima. Lakini haumgusi mahabusu, na nafasi zilizoachwa hujaa upya kama mlango wa kuingilia haujabadilika.

Kwa nini askari wanaonekana wengi na bado wanalalamika kuwa wachache?

Lindo moja la saa 24 lina saa 168 kwa wiki. Askari wa saa 42 kwa wiki, wanahitajika wanne. Ongeza likizo, ugonjwa, mafunzo, kusindikiza: watano. Minara minne na lango ni askari 25 kabla hujamweka mtu jikoni, stoo au hospitali. Mfungwa mmoja akilazwa hospitali ya Ligula au Ndanda anahitaji askari usiku na mchana, yaani ugonjwa mmoja umekula lindo zima.

Maji na umeme?

Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu hutumia kipimo cha lita 10 hadi 15 kwa mtu kwa siku. Watu 300 kwa lita 15 ni lita 4,500. Newala na Tandahimba maji husukumwa kutoka visima vya bondeni Mitema hadi juu ya uwanda, kwa hiyo umeme wa pampu ukikatika, boza linaitwa, na boza la lita 10,000 ni la siku mbili. Tangi la kuvunia mvua linajilipa upesi, likisafishwa gata kabla ya Novemba.

Taa za ukuta: balbu 20 za wati 250 kwa saa 12 zinakula uniti 60. Zikibadilishwa LED za wati 50 ni uniti 12. Kwa mwaka zimeokolewa uniti 17,520.

Nataka kuuza chakula gerezani. Nifuate hatua gani?

Uwe na TIN, leseni ya biashara inayotaja bidhaa husika, cheti cha kutodaiwa kodi, kisha ujisajili kwenye NeST, mfumo wa Serikali wa manunuzi mtandaoni, na kuchagua aina sahihi ya biashara. Ukikosea hapo, tangazo la zabuni halikufikii kabisa. Vikundi vya vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu vimetengewa asilimia 30 ya manunuzi ya taasisi. Sajilini kikundi halmashauri kwanza.

Usipeleke mzigo kwa simu. Subiri hati ya agizo. Ukishusha, kamati ya upokeaji ipime na kusaini, wewe ubaki na nakala ya hati ya makabidhiano. Toa risiti ya EFD, peleka ankara. Malipo yanakatwa asilimia 2 ya kodi ya zuio, hivyo ankara ya Sh 20,000,000 inakufikia Sh 19,600,000. Dai cheti chake, utakitumia TRA.

Sasa ugonjwa mkubwa: kuchelewa kulipwa. Mzabuni aliyekopa kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi na akalipwa baada ya miezi sita amepoteza asilimia 9. Mwaka unaofuata anaiweka kwenye bei. Wazabuni wenye mtaji mdogo wanajitoa, wanabaki wawili watatu, ushindani unakufa. Deni la Serikali kwa mzabuni wa mahindi, mwisho wa siku, linalipwa na sufuria ya gereza.

Takwimu za matumizi ya magereza nazipata wapi?

Tafuta Fungu 29 kwenye vitabu vya bajeti. Hilo ndilo Jeshi la Magereza. Hotuba ya Waziri wa Mambo ya Ndani husomwa bungeni kwenye mkutano wa bajeti. Tenganisha mishahara, matumizi mengineyo na miradi ya maendeleo, kwani chakula kiko kwenye matumizi mengineyo, na hayo ndiyo yanayoletwa pungufu. Linganisha kilichoidhinishwa na kilichotolewa. Kisha soma ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, sehemu ya madeni ya wazabuni. Diwani hana mamlaka juu ya gereza, lakini mbunge anaweza kuuliza swali la msingi, na kamati ya usalama ya wilaya inakaa na mkuu wa gereza meza moja.